Nimesema baibui limetoka Maskati

BARUA

Assalaamu alaykum, na shikamoo mama.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, nimeolewa, nina watoto watatu. Tunakaa Mji Mkongwe, vyumba viwili vya juu katika nyumba ya kupanga. Mimi ni karani, mume wangu ni seremala. Zamani kazi zake zilikuwa nyingi, milango, makabati, vitanda vya samadari, lakini miaka miwili hii watu wananunua vitu vilivyokwishatengenezwa, na yeye humaliza wiki nzima hajashika randa. Kwa hiyo mshahara wangu ndio uliobeba nyumba.

Nitakueleza mazuri kwanza, kwa sababu tatizo langu limezaliwa humo humo.

Mwaka jana baada ya Sikukuu nilikaa kitako nikaiangalia nyumba yangu, nikaona unyonge. Kochi lilikuwa limezama katikati, sponji inachungulia nje. Rangi ya mafuta ya ukutani ilikuwa imevimba kama malengelenge, ukiigusa inakuja na vumbi jeupe. Sikuwa na pesa ya kochi wala ya fundi wa rangi. Jirani yetu mmoja, mzee aliyejenga na kutengeneza majumba haya tangu ujana wake, ndiye aliyenambia: nyumba hii ni ya mawe na chokaa, mmeiziba pumzi kwa rangi ya mafuta, unyevu hauna pa kutokea. Ikwangueni, muipake chokaa. Tukaikwangua mimi na wanangu siku mbili, tukapaka chokaa mara tatu. Mama, chumba kikawa cheupe, kikawa baridi. Nikamwambia mume wangu alitoe lile kochi. Nikateremsha mkeka wa Kipemba wa rangi niliopewa siku ya harusi yangu, uliokuwa umekunjwa juu ya kabati miaka kumi na mbili, nikautandika. Nikashona mito kwa kanga zangu zilizopauka, nikaijaza sufi. Ikifika jioni nanunua asmini, nazitia kwenye kibakuli cha maji, na kabla ya Isha zimekwisha kufumbua na chumba kizima kinanukia.

Tuko mashoga saba, tunacheza mchezo wa pesa pamoja. Zamani kila mwisho wa mwezi tulikuwa tukienda kukaa hoteli moja ya pwani, gilasi moja ya juisi bei ya kilo mbili za mchele. Tarehe ikikaribia mimi tumbo linaniuma. Mwezi mmoja nikajitia ujasiri, nikawaambia waje kwangu Ijumaa. Nikapika mbaazi za nazi na maandazi, nikachemsha chai ya mchaichai na iliki. Walikaa mpaka saa nne za usiku. Tangu siku ile hakuna aliyeitaja hoteli tena.

Ndipo nikaingia kwenye nguo. Nilianza kwenda Darajani kwenye mitumba, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Nimejifunza kupapasa kitambaa kabla ya kutazama rangi. Nikishuku, navuta uzi mmoja kwenye upindo nauchoma: pamba inaungua kama karatasi, inaacha jivu laini, lakini ile ya kiwandani inayeyuka ikawa kidonge kigumu. Muuzaji mmoja keshanizoea, hunipa kiberiti mwenyewe. Siku moja nikapata magauni mawili meusi marefu, kitambaa kizito, kinaanguka vizuri mwilini. Fundi wa cherehani anayekaa barazani njia ya kwetu akalipasua moja mbele, akatoa mikono kwenye la pili, akapitisha uzi wa kijivu kwenye upindo. Vyote, nguo na ushoni, havikuzidi shilingi 20,000. Nikalivaa kwenye maulidi.

Shoga yangu mkubwa, ambaye tumesoma naye tangu darasa la kwanza, na ndiye aliyenishika mkono usiku niliojifungua mtoto wangu wa mwanzo, akalishika lile baibui mkononi, akasema, "Shoga, hili umelipata wapi?" Watu wote wamekaa. Mdomo ukanitoka: "Mama mdogo kaniletea, kutoka Maskati."

Kweli nina mama mdogo Maskati. Lakini mwaka wa tatu huu hajaniletea kitu, na mimi sikumuomba.

Nilidhani limekwisha pale. Wiki tatu zilizopita shoga yangu akaja kwangu. Anamuoza binti yake wa kwanza, Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, inshallah. Akafungua mkoba akanipa shilingi 180,000, noti za elfu mbili mbili na elfu moja moja, zimefungwa mpira. Akasema nimtumie mama mdogo amchukulie baibui kama langu, alivae yeye mwenyewe siku ya ndoa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani hawezi kukuombea wakapunguza kidogo?" Nikapokea, mama. Sijui nilikuwa nafikiri nini, mkono ulikwenda wenyewe. Nikazifunga kwenye pembe ya kanga nikaitia kabatini chini ya mashuka. Kila nikilifungua kabati nakiona kile kifundo.

Nilimwambia mume wangu. Kasema, "Fundi si yupo? Mshonee, liwe zuri, mpe. Zinazobaki ni ujira wa jicho lako." Sikumlaumu, kwa sababu siku ile ile umeme ulikuwa umetukatikia. Lakini sikulala. Na yeye mwenyewe mpaka leo hajaniradhi kwa lile kochi, husema wageni wetu wanakaa chini kama tuko msibani.

Kuna na la pili. Mwenzetu mmoja wa mchezo alinikuta Darajani nimeinama kwenye rundo la nguo. Tukasalimiana, akacheka, akapita. Huu mwezi wa nne tangu siku ile, sijui siku gani atasema.

Ninachoogopa si baibui peke yake. Mashoga zangu sasa wanausifu ukuta wangu, mkeka wangu, mito yangu, kwa sababu wanaamini nina watu Maskati na nimechagua kuishi hivi. Wakijua kwamba sina, kila kitu kitageuka. Mkeka utakuwa ufukara, chokaa itakuwa ufukara, na mbaazi zangu pia. Nifanye nini? Ramadhani inaingia wiki mbili zijazo.

Samahani, la mwisho ni dogo. Mvua zilizopita zimeniotesha ukungu kwenye pembe za mkeka. Unasafishwa vipi bila ya kuharibu rangi?

Mwenye Kifundo, Mji Mkongwe

JAWABU

Waalaykumu salaam, mwanangu, na marahaba.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikairudia usiku. Mara ya kwanza niliona baibui, mara ya pili nikakiona kifundo chenyewe. Ndani yake mna mambo mawili uliyoyafunga pamoja. Moja ni neno lililokutoka mbele ya watu, la haraka, la mtu aliyeshtukizwa. La pili ni pesa za mtu. Unayazungumza kama jambo moja, na ndiyo maana yanakulemea. Neno la maulidini lina wiki ngapi, na hakuna aliyeumia kwalo. Pesa zina wiki tatu tu, na hizo ni amana.

Nianze na hizo noti, kwa sababu wewe umezitaja ukapita, na mimi nimesimama hapo muda mrefu. Elfu mbili mbili na elfu moja moja, zimefungwa mpira. Mtu anayechukua pesa benki hapewi hivyo. Pesa za namna hiyo ni za kukusanya, leo mbili, kesho moja, pengine za kuuza barafu mlangoni, pengine za kubana kwenye pesa ya sokoni ya kila siku. Na anayezitoa ni mama anayemuoza binti yake wa kwanza, na wewe unajua kuliko mimi harusi ya mji huu inakula kiasi gani, na sare zake, na kutunza, na vyakula vya siku tatu. Kisha akakuuliza kwa sauti ya chini kama bei haiwezi kupungua. Simjui shoga yako na sitaki kumsemea. Lakini wewe umemjua tangu darasa la kwanza. Hebu kaa ujiulize: huyu ni mtu mwenye nacho atakayekucheka kwa kuvaa mtumba, au ni mtu ambaye naye anajinyima ili asionekane?

Nakuuliza kwa sababu barua yako yote imejengwa juu ya dhana kwamba katika watu saba wewe peke yako ndiye unayehesabu. Na yule mwenzenu aliyekukuta Darajani, naye alikuwa anatafuta nini kwenye marundo yale? Huenda alikuwa njiani tu. Lakini miezi minne ni mingi kwa mtu mwenye nia ya kukuaibisha. Mwenye nia hiyo hangojei wiki mbili. Kicheko ulichokiona unaweza kuwa umekisoma vibaya. Watu wawili wanaokutana mahali ambapo kila mmoja hakutaka kuonekana, mara nyingi hucheka.

Sasa nije kwenye lile neno lako, kwamba wanakusifu kwa kuwa wanadhani umechagua. Kwani hukuchagua? Kukosa pesa hukukuchagua, hilo kweli. Lakini dhiki ilikwambia usinunue kochi, haikukwambia uteremshe mkeka wa harusi yako baada ya miaka kumi na mbili. Dhiki haikukufundisha kuchoma uzi. Wala haikukwambia ukanunue asmini jioni, maana kwa hesabu za dhiki hiyo ni pesa iliyopotea. Hayo yote yametoka kwako. Na tazama mpango wa mambo kama ulivyoueleza mwenyewe: wenzako walikuja kwako Ijumaa ya mwanzo, wakala mbaazi, wakakaa juu ya mkeka mpaka saa nne za usiku, na wakati huo hakukuwa na baibui wala Maskati. Walikaa kwa kuwa walipaona pazuri. Pengine na kwa kuwa na wao tumbo lilikuwa likiwauma tarehe ya hoteli ikikaribia.

Hii aibu ya nguo unayoibeba, mwanangu, haikuanza na wewe, ina umri mrefu katika visiwa hivi. Kaniki, kile kitambaa cheusi cha bei ndogo, na merikani, ile pamba isiyotiwa rangi, zilikuwa nguo za waliokuwa hawana hiari ya nafsi zao. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka katika hali hiyo waliziacha wakavaa kanga, ili aonekane kila mtu kwamba sasa anachagua mwenyewe. Na hiyo kanga yenyewe, husimuliwa kwamba ilianza kwa wanawake wa pwani hii kununua leso za mkononi, zile zilizokuwa zikiuzwa zimeungana kwenye jora. Wakichukua sita, wakizikata tatu tatu, wakiziunga kwa sindano ikawa nguo moja pana. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alipoingia mjini kutoka Fumba mwaka 1911, wapinzani wake walimsimanga kwa kaniki aliyokuja nayo, na mwaka 1928 akasafiri kwenda Bombay kurekodi santuri. Sikuhadithii haya ili uone aibu yako ni ya bure. Nakuhadithia kwa sababu ulipolishikilia gauni lile kwenye baraza ya fundi, ukamwonyesha apasue wapi na mikono itoke wapi, ulikuwa unafanya kazi ambayo mabibi zetu waliifanya kwa leso. Mimi nalitazama baibui lako kwa jicho hilo. Wewe unalitazama kwa jicho la aliyesimanga.

Lakini pesa bado ziko kabatini, na wiki mbili si nyingi. Nitakuwekea njia ninazoziona, na hatari zake, na wewe ndiye unayewajua watu wako.

Njia ya mume wako naijua, na najua imetoka wapi. Ni mtu wa kazi ya mikono aliyekosa kazi ya mikono, kwa hiyo anaona jicho lako lina thamani na anataka ulipwe. Hapo kasema kweli. Jicho lako ni ujuzi, na mwenye ujuzi halaumiwi kwa kutaka ujira. Ila ujira ni kitu mnachokubaliana. Mtoto akitumwa dukani na elfu tano, akakikuta kitu kwa elfu tatu, elfu mbili ni za aliyemtuma, na hilo tunawafunza watoto wetu kabla hawajajua kusoma. Mimi si sheikh, na ukitaka kauli ya dini muulize mwenye elimu. Ninachokiona kwa macho ya kawaida ni kwamba umekwisha kukosa usingizi na hujatumia hata shilingi. Ukizitumia, baibui lile utaliona siku ya ndoa mbele ya watu mia, na kila atakayelisifu atakukumbusha.

Unaweza kulishonesha ukampa na pesa zote zilizobaki, ukasema mama mdogo kapata bei nzuri. Hapo amana inarudi, na shoga yako anafurahi, tena anafurahi sana, kwa kuwa amebakiwa na pesa ya harusi. Sitakuficha, njia hii ina mvuto wake, na watu wengi wema wangeifuata. Tatizo lake ni kesho. Baibui la Maskati kwa bei ile, atalitaka na dada yake, na wifi yake, na Sikukuu ya pili utakuwa na vifundo vitano. Na mama yako mdogo ana simu. Akipigiwa siku ya harusi kuambiwa ahsante, atajibu nini, na yeye hajui lolote?

Unaweza kuzirudisha ukatoa udhuru, kwamba mama mdogo hakulipata au hana mtu wa kumpa mzigo. Hiyo inakutua haraka, na shoga yako anapata muda wa kutafuta kwengine. Lakini atatafuta kweli, kwa pesa zile zile alizozikusanya moja moja, na pengine atalipa 180,000 kwa kitu ambacho wewe unajua kingepatikana kwa 20,000. Kumbuka kwamba hamu ya hilo baibui imemwingia kutoka kwako. Hukukusudia, na silisemi kukulaumu, ila nisingekuwa nimekujibu kwa haki kama ningelinyamazia.

Kuna njia ya katikati. Umrudishie pesa, umwambie, "Sikuzituma, nimeona ni nyingi. Kuna fundi hapa barazani anashona hivi hivi, twende nikupeleke Darajani tukachague kitambaa." Huko si kusema yote, lakini hakuna uongo mpya ndani yake. Hatari yake ni swali moja litakalofuata: "Na lako je?" Ukichagua njia hii, uwe umekwisha kujua utajibu nini kabla hujatoka mlangoni, usije ukashtukizwa tena kama maulidini.

Na kuna kumwambia yote. Ukiielekea hiyo, naomba uangalie namna. Usimtumie sauti kwenye simu, maana sauti ya simu hupita mikono mingi. Usimwambie mbele ya wenzenu, wala nyumbani kwake ambako sasa hivi kumejaa watu wa harusi. Mwite peke yake, na kitu cha mwanzo kitoke kwenye kanga ni pesa zake, "Shoga, zako hizi, zimetimia," azishike mkononi kabla hujaanza maneno. Mtu aliyetoa pesa, akisikia "nina jambo la kukwambia", kitu cha kwanza anachokifikiria ni kwamba pesa zimeliwa. Muondoshee hofu hiyo kwanza, ndipo umwambie na mengine, kwa ufupi, bila ya kujitukana.

Anaweza kucheka. Anaweza pia kukasirika, na mimi nadhani hili ndilo hulitegemei: akikasirika huenda isiwe kwa mtumba, huenda ikawa kwa kuwa ulipokea pesa zake ukazilaza wiki tatu huku unajua. Hasira hiyo itakuwa na haki yake, na itabidi uivumilie. Anaweza kuwahadithia wengine. Na anaweza kunyamaza kidogo, akakwambia la kwake. Siwezi kukuahidi lipi. Mimi sijakaa naye dawati moja.

Ukiona moyo haujawa tayari kwa lolote katika haya, unaweza kungoja harusi ipite. Sikukatazi. Lakini hesabu na mafundi. Ikiingia Ramadhani kila cherehani mji huu inakuwa na rundo la nguo za Sikukuu pembeni yake, na ikipita nusu ya mwezi hata fundi wako wa barazani atakwambia njoo Mfungo Mosi. Ukichelewa mno, kukaa kimya kutakuwa kumekwisha kukuamulia: shoga yako atafika siku ya ndoa ya binti yake hana baibui na hana pesa ya kununua jengine, na wakati huo hutakuwa na njia tano tena.

Nirudi kwa mume wako kidogo. Umelitaja lile neno lake la msiba kama lawama ya kochi. Mimi nimelisikia kama neno la seremala ambaye nyumba yake imepambwa upya na hamna ndani yake kitu alichokitengeneza. Umekwangua ukuta na watoto, umeshona mito, umepika. Yeye alipewa kazi ya kulitoa kochi. Muulize kama ana vipande vya mbao vilivyobaki, akutengenezee meza fupi ya kuwekea birika na vikombe, ya kimo cha mtu aliyekaa kwenye mkeka. Haitakugharimu zaidi ya misumari na msasa. Nyumba za zamani zilikuwa na vigoda na meza kama hizo, na mkeka ukiwa na meza yake unasema karibu kwa lugha nyengine kabisa. Sijui kama itamridhisha. Ila wale mashoga sita wakija Ijumaa wataishika, watauliza nani kaifanya, na jawabu yake utaisema kwa sauti.

Kuhusu mkeka: uutoe kwenye jua la asubuhi, upande wa rangi uelekee chini, kwani jua ndilo linaloua ukungu na jua hilo hilo ndilo linalopausha rangi ya ukili. Ukishapata moto, usugue pembe zake kwa brashi kavu kufuata msuko, usikate msuko. Palipobaki madoa, chovya kitambaa kwenye maji, kikamue sana ndipo ufute, halafu uurudishe juani. Usiukunje ukiwa na unyevu hata kidogo. Na unapoutandika tena, uuache mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, chokaa iendelee kupumua. Ukiuanika leo asubuhi, jioni unakalika.